Nani Alibadilisha Herufi ya Rusinga

Akoth, nyara, binti yangu,

Mama yako yuko chumbani kwako anakunja upya nguo ulizokwisha kukunja. Mambo ya kubeba, ya kula njiani na ya kupiga simu ukifika atakwambia yeye, na najua atayarudia yote kituoni kesho asubuhi. Mimi nina jambo moja tu, na haliwezi kusemwa mbele ya watu huku mizigo inapandishwa. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi Mjaluo wa Rongo na mama yako Mkuria, tuligombana na kupatana kwa Kiswahili, na wewe neno lako la kwanza lilikuwa la Kiswahili.

Jumapili ulikuja na simu yako ukakaa karibu nami. Ulikuwa umefungua faili la maandishi matupu, halina rangi wala jedwali, kila kazi na mstari wake, na mbele ya kila mstari herufi ndani ya mabano. "Baba, ona," ukasema. "A ndiyo ya kwanza, B inafuata, C itangoja. Nikimaliza kazi naweka alama ya x. Huko Lodwar hospitali ni moja na mashine mbovu ni nyingi. Lazima nijue naanza kutengeneza ipi."

Ulikuwa na furaha, ukangoja niseme kitu. Mimi nikauliza, "Nani mwingine anaweza kulifungua hilo faili?"

Ukacheka, ukasema mimi nashuku hata jua likichomoza. Nikainuka, nikaenda kusimama kwenye miwa kama mtu anayekagua kitu. Hakukuwa na cha kukagua. Nilipogeuka nilikuona bado umekaa palepale, simu mkononi, uso umeshuka. Nisamehe. Ulistahili kuambiwa kwamba umefanya vizuri. Lakini nina sababu ya kuogopa zile herufi, na hujawahi kuisikia.

Ulikuwa darasa la saba. Mradi wa maji ulikuwa umeniajiri fundi mkuu wa pampu za mkono, visima vya upande wa Homa Bay pamoja na vichache vya huku Rongo. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili pale Rodi Kopany, na ndani yake tulikuwa wawili tu: mimi na karani, Awuor. Unamkumbuka. Yule mama mrefu, mjane, mzaliwa wa kisiwa cha Rusinga. Sisi tulimwita Nyar Chula, binti wa kisiwani. Yeye alipokea simu na wageni, mimi nikatoka na pikipiki na vyuma.

Kabla ya hapo kazi zangu zilikuwa kwenye vikaratasi mfukoni, na vingine vilifuliwa pamoja na suruali. Siku moja mkubwa wetu aliyekuwa Homa Bay mjini akatuletea mwalimu wa kompyuta. Huyo alitufundisha faili lile lile ulilonionyesha. Mstari mmoja, kazi moja, herufi mbele. Ukibonyeza, A zote zinapanda juu na C zinazama chini. Nilipenda sana, Akoth. Nililala vizuri. Nilidhani sasa kuna kitu kinachofikiri kwa niaba yangu, nami kazi yangu ni kusoma mstari wa juu na kuwasha pikipiki.

Nikajiwekea kanuni. Pampu isiyotoa maji ni A. Pampu inayotoa maji, hata ikilia, hata ikivuja, ni C. Siku moja iliingia ripoti ya Rusinga, nikaiandika mwenyewe: kisima kilicho chini ya zahanati, maji yana harufu. Maji yanatoka? Yanatoka. C.

Baada ya siku chache nikafungua kompyuta asubuhi nikakuta Rusinga iko B. Nikadhani nilikosea kuandika. Nikairudisha C. Kesho yake ikawa A, imekaa juu kabisa, juu ya kisima cha tajiri mmoja wa hapa Rongo mwenye nyumba za kupangisha wanafunzi. Nikairudisha tena. Siku ya tatu nikaikuta A.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu mwingine. Nilinunua daftari nikawa naandika kila jioni herufi zilivyo kabla ya kufunga ofisi, na asubuhi nalinganisha. Nilimuuliza mlinzi nani huingia nikiwa safarini. Nilimuuliza mara mbili, kwa maneno tofauti, nione kama majibu yatalingana. Niliweka neno la siri kwenye kompyuta, kisha ikabidi nimpe Awuor hilo neno kwa sababu bila kompyuta hangeweza kuandika ripoti za simu. Nikawa nasikiliza anavyoongea na watu. Akicheka na mgeni kutoka kisiwani, najiuliza wanacheka nini. Akinyamaza nikiingia, najiuliza nimekatiza nini.

Siku moja saa sita mchana nilirudi mapema, nikasimama kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara nikiangalia mlango wetu. Nilimwona mwanamke wa makamo ameshuka gari la Mbita, linalotoka upande wa Rusinga, ana mfuko mweusi mzito. Akaingia. Kupitia dirishani nikamwona anamkabidhi Awuor ule mfuko, wakaongea vichwa vimekaribiana, na Awuor akausukuma chini ya meza kwa mguu. Nikajiambia, ni samaki. Kwa uzito ule ni mbuta mzima. Kumbe ndivyo herufi zinavyopanda.

Nilikuja nyumbani nikamweleza mama yako. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua hata kichwa.

"Umemuuliza?"

"Nikimuuliza ataficha."

"Kwa hiyo hujamuuliza."

Nilikasirika, nikatoka. Mama yako ana tabia ya kusema kitu kidogo halafu anarudi kwenye mboga zake.

Kesho yake nikamuuliza Awuor, lakini sikuuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Nyar Chula, nani anabadilisha herufi ya Rusinga?"

"Ni mimi," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa na daftari mkononi, siku zote zimeandikwa, tayari kumbana. Alipokubali bila kusita, badala ya kutulia nilizidi kushuku. Nikaona ni ujanja mkubwa kuliko nilivyodhani.

"Kwa idhini ya nani?"

"Nilikuwa kule Jumapili, fundi. Nilikiona kile kisima. Nikikwambia unasema pampu inatoa maji. Nimekwambia mara ngapi? Kuna kitu hapa chini ya meza nataka ukione kwa macho yako."

"Sitaki kuona zawadi zako," nikasema. "Umelishwa nini huko kwenu?"

Alinitazama. Sijui nikuelezee vipi ule uso. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akizungumza na mtu anayemfahamu, halafu ghafla haoni tena ni nani. Akachukua kitabu chake cha nyimbo na mwavuli wake, akaenda nyumbani saa tatu asubuhi.

Siku hiyo hiyo nikamwandikia mkubwa. Niliandika vizuri, kwa utaratibu, na daftari langu nikaliambatanisha. Nilisema karani anapandisha kazi za kijiji chao na anapokea vitu kutoka kwa wenyeji. Wiki haikuisha, Awuor akaachishwa kazi. Nikairudisha Rusinga C kwa mkono wangu, na nikajisikia mtu mwaminifu.

Zilipita wiki tatu. Nilitengeneza pampu ya yule tajiri wa nyumba za wanafunzi, ambayo shida yake ilikuwa mpini unaolia. Alikuwa amepiga simu asubuhi, mchana na jioni. Nilitengeneza ya shule moja ambayo mwalimu mkuu wake alifahamiana na mkubwa wetu. Zote zilikuwa A. Halafu muuguzi wa zahanati ya Rusinga akapiga simu. Alisema anaufunga mpini wa kisima kwa mnyororo kwa sababu watoto wa maboma yale wanaharisha na kuchemka homa, naye ameacha kuamini ni chakula.

Nilivuka Mbita nikafika kule kabla ya adhuhuri. Nilihitaji kutazama mara moja tu. Simiti iliyozunguka pampu ilikuwa imepasuka, ufa unaingia mkono. Mbuzi walikuwa wakinywa kwenye dimbwi pale pale, na dimbwi lile lilikuwa likirudi chini kisimani. Juu ya mteremko, hatua chache, kulikuwa na choo cha shimo. Mtu yeyote mwenye macho angeiweka A.

Yule mwanamke wa mfuko mweusi alikuwepo. Anaitwa Mama Apiyo. Binti yake wa miaka mitano alikuwa amelazwa Homa Bay, naye amekuja mara moja kuchukua nguo za kubadilisha. Alinisalimia kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye fundi? Nilikuja ofisini kwenu nikaleta maji kwenye chupa, mkayaone. Yule dada yetu alisema atamwonyesha fundi."

"Fundi ni mimi."

"Kwani hakukuonyesha?"

Akoth, nilinyamaza. Ningeweza kusema alitaka kunionyesha nikakataa. Yalikuwa maneno machache. Nilinyamaza, naye akatikisa kichwa polepole, nikaona anamhukumu Awuor moyoni, nami nikamwacha amhukumu.

Nilirudi Rodi jioni ile nikapiga magoti chini ya meza ya karani. Mfuko ulikuwa bado pale. Ndani yake mlikuwa na chupa tatu za soda zilizojaa maji, vifuniko vimefungwa kwa nailoni. Hapakuwa na samaki. Maji yalikuwa yamekaa wiki zile zote na chini yametulia matope ya kijani. Nilifungua moja. Sitakueleza harufu.

Kutengeneza kile kisima kulichukua siku mbili. Tulivunja simiti, tukainua mabomba, tukatia dawa, tukajenga upya na kuzungushia uzio wa mbuzi. Siku mbili tu. Choo kilihamishwa na wenyewe. Binti wa Mama Apiyo alipona, nilimwona akicheza. Lakini mwezi ule ule alifariki mzee mmoja wa boma la jirani. Muuguzi alisema alikuwa mzee na alikuwa mgonjwa siku nyingi. Familia hawakulaumu mtu. Hakuna aliyetaja maji. Mimi peke yangu ndiye ninayeshuku, na huyu ninayemshuku hanipi nafasi ya kumwepuka, nalala naye na kuamka naye.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako pia halijui. Siku niliyofungua zile chupa, nilikaa kwenye kompyuta nikaandika mstari mpya: mwandikie mkubwa, msafishe Awuor. Nikaweka A. Ulikuwa mstari wa kwanza kabisa. Kesho yake kulikuwa na simu za Oyugis, nikasema nitaandika jioni. Wiki ikapita. Ule mstari ulinitazama kila asubuhi, nami nikachoka kutazamwa. Nikaubadilisha ukawa B, nikajiambia kwamba kwa vyovyote nafasi yake imekwisha kujazwa, hakuna haraka. Mwezi uliofuata nikaufanya C. Ukazama chini ya faili mahali ambapo huhitaji kuuona usipoutafuta.

Safari hii sikuhitaji daftari wala mlinzi kujua nani kabadilisha.

Siku moja, mvua imenizuia ofisini, nilipitia A zangu zote za mwaka ule, zenye x na zisizo na x. Nilitafuta kitu kimoja kinachozifananisha. Hakikuwa maji, wala wagonjwa, wala watoto. Kila A ilikuwa ya mtu anayeweza kunipigia simu na kunifanya nijisikie vibaya. Mama Apiyo hakuwa na sauti ya namna hiyo. Alikuwa na nauli ya kuja Rodi na chupa tatu. Mimi nilidhani napanga kazi kwa uzito wake, kumbe nilipanga kwa ukubwa wa hofu yangu. Awuor alikuwa mtu pekee katika ofisi ile aliyekwenda siku yake ya mapumziko akatazama kitu chenyewe, na huyo ndiye niliyemwita mla rushwa.

Barua ya kumsafisha niliiandika mwishoni, karibu mwaka umepita. Jibu lilikuwa mistari miwili: asante kwa taarifa, mradi unafungwa. Ukafungwa kweli. Awuor mwenyewe sikumwambia. Alifungua duka la agroveti pale pale Rodi, mbegu na dawa za mifugo, na mimi kwa miaka yote hii nimekuwa nikinunua dawa ya ng'ombe Homa Bay mjini, mwendo wa mbali zaidi, nikimwambia mama yako kwamba kule dawa ni mpya.

Uliponionyesha simu yako Jumapili nikaona nimefika mwisho wa kuzunguka. Jana nilipokwambia naenda kuona pampu ya mtu, nilikwenda Rodi.

Alikuwa anampimia mteja mbegu za mahindi. Aliniona, akaendelea kupima. Akawahudumia watu watatu waliokuja baada yangu. Mwisho tukabaki wawili.

"Fundi. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Kuna kesi? Unataka niweke saini mahali?"

"Hakuna kesi, Awuor. Nimekuja kusema nilikukosea. Zile chupa niliziona. Uliondoka nikaziona."

"Lini?"

"Baada ya wiki tatu."

Alihesabu kichwani, nikaona anahesabu. "Kwa hiyo miaka yote hii ulijua."

"Nilijua."

Akachukua kitambaa akafuta kaunta ambayo ilikuwa safi. "Mwaka ule nilitafuta kazi Homa Bay, Mbita, mpaka Migori mjini. Kila nilipofika walikuwa wamesikia kabla yangu. Unajua umenifanya nini? Mteja akinitabasamia sana, naangalia mikono yake. Mjomba akiniletea samaki, namuuliza anataka nini. Mimi sikuzaliwa hivyo."

Nilisema tu kwamba naomba msamaha. Akasema, "Nimekusikia." Hakusema zaidi ya hapo, na sikumwomba aseme zaidi. Nilikuwa nimegeuka niondoke aliponiita.

"Binti yako, Akoth. Nilimwona Krismasi sokoni Rongo. Nilimwita kwa jina, si nilimjua akiwa mdogo, akija ofisini na sare ya shule. Aliniangalia, akahamisha mkoba wake ubavu wa pili, akapita. Hapo nikajua nyumbani kwenu bado mimi ni mwizi."

Nyara, hakukosea. Ni mimi nilikwambia. Jioni ile alipoachishwa kazi nilikaa mezani, wewe unakula, nikasema Awuor alikuwa akiuza zamu za watu za kutengenezewa pampu, na kwamba ukimwona mahali usimkaribie. Ulikuwa mtoto, ukaamini. Nilipokuja kujua ukweli nilimwandikia mkubwa, hata kama kwa kuchelewa. Kwenye meza yetu sikusahihisha neno. Nilikuacha ukue na uongo wangu, na uongo wenyewe ukakushika mkono pale sokoni ukahamisha mkoba.

Kwa hiyo swali langu la Jumapili, nani mwingine anaweza kufungua faili lako, ni swali la mtu aliyeharibika. Usilichukue. Huko Lodwar kutakuwa na mtu atakayegusa orodha yako, muuguzi, au mfagiaji, au dereva, na utakuta mashine uliyoiweka chini imepandishwa juu. Damu itakupanda kichwani, maana wewe ni mtoto wangu. Mimi nilimuuliza mtu wangu nikiwa nimekwisha kumhukumu. Na nilikuwa na pikipiki, Akoth, mafuta yamejaa, na Rusinga si mbali.

Awuor si mwizi. Hakuwahi kuwa. Alikuwa sahihi kuhusu kisima na alikuwa sahihi kuhusu mimi. Nimewaambia hili mama yako na ndugu zako leo mchana ulipokwenda kuaga kanisani, nami nakwambia wewe kwa maandishi ili hata nikija kulilegeza siku moja, uwe na karatasi ya kunisuta.

Nambari nyuma ya ukurasa huu ni yake. Aliiandika mwenyewe. Nilimuuliza nikwambie nini kutoka kwake, akafikiri kidogo, akasema, "Usimwambie chochote. Umesema vya kutosha. Akitaka, atanipigia yeye, nimsikie sauti yake mwenyewe."

Sitakwambia upige au usipige.

Uende salama, uanze kazi vizuri. Ni mimi, baba yako, niliyekudanganya toka darasa la saba, na leo nimeacha.